Je, Wajua? Baiskeli, Mteremko na Giza la Asubuhi Kigoma

Jua halijui saa ya Dar

Je, wajua kwamba adhuhuri ya kweli Kigoma, pale jua linapokuwa juu kabisa, haiangukii saa 6 mchana bali saa 7? Saa ya Tanzania imepimwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haugusi ardhi yetu hata kidogo. Unapita huko karibu na Mogadishu. Kigoma iko kwenye nyuzi 29.6. Dunia huchukua dakika nne kujizungusha nyuzi moja, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: Kigoma, mwisho wa reli, inalidai jua saa nzima. Dar es Salaam, iliyo kwenye nyuzi 39.3, huliona takriban dakika 40 kabla ya Kigoma.

Habari ya baiskeli inaanzia hapo. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1 na nusu asubuhi, Dar na Kigoma sawasawa. Mtu wa Ujiji anayekwenda mjini Kigoma ana safari ya kilomita kama nane. Akikanyaga pedeli kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbizana na mtu, hiyo ni dakika 35 hadi 40. Asipotaka kuchelewa, saa 1 kasorobo awe ameshatoka nyumbani. Mwezi wa Novemba hana neno, maana jua huchomoza kama saa 12 na dakika 35. Lakini Februari na Julai hungoja mpaka saa 1 na kama dakika 10. Mtumishi wa Dar anakwenda kazini kumekucha; mwenzake wa Ujiji, kwa ratiba ileile na mwajiri yuleyule, yuko barabarani gizani pamoja na malori, bodaboda na wanafunzi. Na wale wanaowahi mwalo wa Kibirizi kupokea dagaa na migebuka ya usiku, wao wameshatangulia zamani.

Jioni Kigoma hulipwa deni lake, kwa kuwa jua huzama mnamo saa 1. Ila malipo yenyewe yana kasoro mbili. Ya kwanza, sisi tulio karibu na ikweta hatuna jioni ndefu: tangu jua lizame hadi uhitaji taa ni dakika kama 22 tu. Ya pili, barabara ya kutoka Ujiji kwenda Kigoma inaelekea kaskazini-magharibi, na katika miezi ya katikati ya mwaka jua huzama upande huohuo wa barabara, juu ya milima ya Kongo. Dereva anayetoka Ujiji saa hiyo anakuwa na jua zima usoni. Mwendesha baiskeli aliye mbele yake, mwenye shati la bluu na gunia la mkaa, ni kivuli kimoja kati ya vivuli vingi. Tunapenda kusema fulani aligongwa kwa kuwa dereva alikuwa mzembe, na mara nyingi ni kweli. Lakini kuna ajali ambazo jiografia nayo ilipaswa kuitwa mahakamani.

Kioo chekundu na safari ya mwezini

Kile kipande chekundu cha plastiki kinachofungwa kwenye madigadi ya nyuma ni ndugu wa kifaa kilichoachwa mwezini. Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliweka huko sahani ya vioo ili wataalamu walioko duniani wapige mwali wa leza na kupima umbali wa mwezi. Ujanja ni uleule: kila kioo kidogo kina pembe ya kuta tatu, kama kona ya chumba pale sakafu inapokutana na kuta mbili, na mwanga unaoingia humo, utoke upande wowote, hurudi ulikotoka. Ndiyo maana kioo cha baiskeli huwaka machoni mwa dereva mwenye taa, ilhali anayesimama kando haoni kitu. Hakihitaji betri wala waya. Kinahitaji kitu kimoja tu, kufutwa tope.

Tatizo letu ni jingine. Gunia likishafungwa kwenye keria, linashuka nyuma na kukifunika kioo chote. Madumu yakining'inizwa pande mbili, ndiyo kabisa. Baiskeli iliyouzwa dukani na kioo chake inaingia barabarani haina kioo, na mwenyewe hajui. Ukipakia mzigo, alama ya kuonekana ihamie kwenye mzigo.

Jambo jingine ambalo wachache hulifikiria: watafiti wa kuona usiku wameonyesha kwamba mkanda unaong'aa ukifungwa kwenye vifundo vya miguu au magotini humsaidia dereva kumtambua mtu upesi kuliko fulana ing'aayo peke yake. Sababu ni kwamba ubongo wetu unaujua sana mwendo wa miguu ya binadamu. Alama inayopanda na kushuka kwa zamu inasema "huyu ni mtu anakanyaga pedeli" kabla dereva hajaanza kujiuliza. Kwa hiyo vioo vile vidogo vya njano vilivyo kwenye pedeli, ambavyo huwa vya kwanza kuvunjika na vya mwisho kubadilishwa, vina kazi kubwa kuliko sura yao.

Na ile dinamo ya zamani ya kusugua tairi, ya volti 6 na wati 3? Ni mashine nzuri, ila ina tabia ya kukukimbia wakati wa shida. Ukienda kasi, taa inawaka. Ukipanda kilima polepole inafifia. Ukisimama kwenye makutano kungojea lori lipite, inazimika kabisa. Tochi ndogo ya kuchaji kwa jua imeishinda.

Ukivuka Manyovu, badili mkono na saa

Toka Kigoma, pita Mwandiga, shika barabara ya lami ya Manyovu, kama kilomita 60, na utafika mpakani. Upande wa pili ni Mugina, Burundi. Pale mwendesha baiskeli hubadilisha vitu viwili kwa mpigo: anarudisha saa nyuma kwa saa moja, na anahama kutoka kushoto mwa barabara kwenda kulia.

Ziwa Tanganyika lina nchi nne na zimegawana nusu kwa nusu. Tanzania na Zambia wanapita kushoto. Burundi na Kongo wanapita kulia. Ni alama ya tawala za kikoloni iliyobaki kwenye lami: Waingereza walituachia kushoto, Wabelgiji wakawaachia wenzetu kulia.

Kigoma yenyewe iliponea chupuchupu. Wabelgiji waliiteka mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na Ujiji, na wakakaa hadi 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Hata baada ya hapo walibaki na eneo lao bandarini, lililoitwa Belbase, kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Lau wangeing'ang'ania, leo barabara ya Lumumba ingekuwa na magari upande wa kulia, na yule mtumishi wa Ujiji angekwenda kazini kumekucha kwa saa ya Bujumbura. Sisemi tuwakumbuke kwa wema. Nasema tu kwamba mkono unaopita barabarani na saa unayoamkia vilipangwa na watu waliokaa mbali sana na ziwa.

Kwa mfanyabiashara anayevuka na baiskeli yake, hatari haiko pale kwenye geti, ambako kila mtu yuko macho. Iko kilomita kadhaa mbele, barabara ikiwa tupu na akili imehama kwenda kwenye bei ya ndizi. Gari likitokea ghafla, mwili unakimbilia upande uliouzoea tangu utotoni. Njia ya kujilinda ni ya kitoto lakini inafanya kazi: funga kitambaa kwenye mkono wa usukani ulio upande wa ukingo wa barabara, na ukivuka mpaka kihamishe.

"Bora nimwone anayenigonga"

Hoja hii huisikii Kigoma tu, na ndiyo inayowapeleka watu wengi kuendesha baiskeli upande wa kulia, wakitazamana na magari. Ni kanuni ya mtembea kwa miguu: pasipo na njia ya kando, yeye atembee akiyatazama magari yanayokuja. Kwa baiskeli ni sumu.

Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kikomo cha kisheria katika maeneo ya makazi, na baiskeli ya kilomita 15. Wakielekea upande mmoja, gari linaikaribia baiskeli kwa kasi ya kilomita 35. Wakitazamana, ni 65. Katika umbali wa mita 100 dereva wa kwanza ana sekunde kumi za kuona, kufikiri na kukwepa. Wa pili ana tano na nusu. Na wakigongana, nguvu ya pigo haiongezeki kwa hesabu ya kawaida. Hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo tofauti ni zaidi ya mara tatu. Halafu kuna makutano: dereva anayeingia barabara kuu kwa kukata kushoto hutazama kulia, ambako magari hutokea. Baiskeli inayokuja kinyume inamfikia kwa upande ambao hana sababu ya kuutazama.

Baiskeli yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya usalama

Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, huko Uingereza mtindo mpya ulikuwa baiskeli yenye gurudumu moja kubwa mbele na jingine dogo nyuma. Mwendeshaji alikaa juu kama aliyepanda ukuta, na gurudumu likigonga jiwe alitangulia kwa kichwa. Ulikuwa mchezo wa vijana wenye mifupa migumu.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli aliyoiita Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, cheni inayozungusha la nyuma, miguu karibu na ardhi. Watu wakaziita za namna hiyo baiskeli za usalama. Itazame leo Phoenix nyeusi iliyoegemezwa kwenye mwembe, ni ileile ya Starley yenye marekebisho madogo. Chombo tunachokihofia kilizaliwa kama jibu la hofu.

Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akatengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Dunia ikataka mpira, mwingi na upesi. Na nani alikuwa na misitu ya mpira? Ng'ambo ya ziwa hili, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa amejitwalia Kongo kama shamba lake binafsi tangu 1885, mwaka uleule wa Rover. Vijiji vilipangiwa viwango vya mpira wa porini, na watu wa vile vilivyoshindwa waliadhibiwa kwa kuuawa na kukatwa mikono, mpaka kelele za dunia zilipomlazimisha kuiachia nchi mwaka 1908. Magari yalikuwa bado machache; katika miaka ya 1890 baiskeli ndiyo iliyoanzisha njaa hiyo ya mpira. Habari hii haiingii katika matangazo ya baiskeli.

Madumu matano ya mawese

Sasa tushuke kutoka mtaa wa Mwanga kwenda mjini Kigoma. Kigoma imejengwa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na vilima vimeinuka mara moja kutoka ufukweni, kwa hiyo kila safari ya kwenda stesheni au bandarini ina mteremko mahali fulani.

Tazama baiskeli ya mzigo ilivyofungwa. Keria imeongezewa vyuma na fundi wa kuchomelea. Madumu mawili ya lita 20 yananing'inia kila upande, la tano limelazwa juu, na vyote vimebanwa kwa mipira ya tyubu iliyochanwa, ikavutwa, ikazungushwa na kupigwa fundo lisilofunguka hata kwenye matuta. Lita 20 za mawese zina uzito wa kilo 18 hivi, maana mafuta ni mepesi kuliko maji. Madumu matano ni kilo 90. Baiskeli yenyewe kilo 20. Mwenye baiskeli, tuseme kilo 65. Breki iliyoundwa kumzuia mtu na baiskeli yake, kilo 85, sasa inazuia 175.

Je, wajua kwamba mzigo huo, kwa hesabu ya fizikia tupu, hauongezi kasi ya kuteremka? Kitu chepesi na kizito kikiachiwa kutoka juu huanguka pamoja. Ukishuka kimo cha mita 10 tu, kimo cha jengo la ghorofa tatu, bila breki, bila upepo kukupinga wala lami kukusugua, unafika chini kwa kilomita 50 kwa saa. Kwa kweli upepo hukupunguza, na humpunguza mwepesi zaidi kuliko mzito. Ndiyo maana mwenye madumu humwacha mwenye baiskeli tupu. Lakini kinachotisha si kasi peke yake. Ni kazi ya kuiondoa. Mzigo ukiongezeka maradufu, breki inafanya kazi maradufu. Kasi ikiongezeka maradufu, breki inafanya kazi mara nne. Anayengoja mpaka katikati ya mteremko ndipo ashike breki amechagua hesabu ya mara nne. Wazoefu hushika juu kabisa, kabla baiskeli haijapata wazimu, na huachia na kubana, kuachia na kubana, ili raba zisichemke. Wazoefu zaidi hushuka na kuisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria, na hawaoni aibu.

Breki zenyewe ni zile za fito, vyuma virefu vinavyovuta raba kwenye ringi ya chuma iliyong'arishwa. Kukiwa kukavu zinatosha. Mvua ikinyesha, maji hukaa kati ya raba na ile ringi laini, na baiskeli iliyokuwa inasimama kwa mita tano inakwenda mara kadhaa ya hapo kabla ya kutii. Ringi za alumini hazina kiburi hicho kwa kiasi kile. Hatari kubwa kuliko zote ni mvua za kwanza, Oktoba au Novemba, lami ikiwa bado na vumbi na mafuta ya miezi yote ya kiangazi: dakika za mwanzo huwa utelezi mtupu, baadaye mvua yenyewe inaiosha barabara. Anayejua hilo hungoja kibarazani robo saa.

Wapo pia ambao hawana breki kabisa. Kisigino cha kandambili kinakandamizwa kwenye tairi la nyuma. Kwenye mtaa wa tambarare inapita. Kwenye mteremko wenye kilo 90 mgongoni, kandambili inayeyuka kabla baiskeli haijasimama. Raba za breki ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa kwa fundi baiskeli, na bado ndizo zinazoahirishwa.

Kung'ang'ania lori

Kaskazini mwa ziwa, Bujumbura, mteremko umezaa kazi yake maalumu. Barabara kuu namba 1 ya Burundi inatoka nyanda za juu na kushuka zaidi ya mita 1,000 hadi mjini. Vijana hupakia mikungu ya ndizi au mkaa na kuporomoka nayo kona baada ya kona. Kurudi juu, hawapandi kwa miguu: hung'ang'ania nyuma ya malori kwa mkono mmoja, watano au sita kwa lori moja, na kuvutwa hadi kileleni.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unakataza waziwazi mwendesha baiskeli kuvutwa na chombo kingine, na pia kuendesha bila kushika usukani kwa angalau mkono mmoja. Sababu haihitaji kitabu. Aliyeshika lori haoni shimo, kwa kuwa lori limemziba. Dereva naye hajui kwamba yupo. Lori likipunguza mwendo ghafla, baiskeli inaingia chini yake.

Machi 2022 serikali ya Burundi ilizipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katika sehemu kubwa ya katikati ya Bujumbura, kwa hoja ya kupunguza ajali. Ajali za baiskeli mahali pasipo baiskeli hupungua, hilo halina ubishi. Lakini yule aliyeleta ndizi bado anatakiwa azifikishe sokoni.

Upande wa Kivu, ambako maji ya mto Ruzizi huanza safari ya kuja Ziwa Tanganyika, watu wa Goma walitatua mambo kwa mbao. Chukudu ni chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedeli wala cheni, kinachobeba mamia ya kilo za viazi au mkaa. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, kinachokanyagwa kwa mguu. Yaani kisigino cha kandambili kilichofikiriwa vizuri. Goma wameisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye kipilefti. Sijui mji mwingine wa maziwa makuu uliomheshimu mbeba mzigo wake hivyo.

Kitenge na spoku

Mwaka 1927, mwaka ambao meli ya Liemba ilianza upya kazi ziwani baada ya kuzamishwa na Wajerumani na kuopolewa, mcheza dansi mashuhuri wa Marekani Isadora Duncan alifariki huko Nice, Ufaransa. Skafu yake ndefu ilinaswa na gurudumu la gari la wazi. Abiria wa kwenye keria akiwa amejifunga kitenge anakaa sentimita chache kutoka kwenye spoku, tena akiwa amekaa kiupande na ncha ya nguo inapepea. Nguo ikinaswa, gurudumu haliikati, linaivuta. Vivyo hivyo kisigino cha mtoto: hospitali za nchi nyingi, hata Uholanzi kwenye baiskeli nyingi kuliko watu, zinalifahamu jeraha la mguu ulioingia kwenye spoku. Wenzetu hufunika gurudumu la nyuma kwa wavu au plastiki. Kipande cha gunia la sandarusi kilichoshonwa kwenye madigadi kinafanya kazi ileile, na mahali pa kuweka miguu pakichomelewa kwenye ekseli, mtoto hana tena sababu ya kuining'iniza.

Usukani unaodanganya

Ili kukata kushoto, mwendesha baiskeli huanza kwa kuusukuma usukani kidogo kulia. Hukubali? Wilbur Wright naye, yule aliyeruka na ndege pamoja na ndugu yake Orville, na ambaye kabla ya hapo alikuwa mwuza baiskeli, aliwauliza waendeshaji na akaona kwamba wanafanya hivyo bila kujua. Baiskeli lazima kwanza ilale upande inakotaka kwenda, na kulala kunaanzia kinyume. Ndiyo sababu huwezi kukwepa shimo lililo nusu mita mbele: hakuna nafasi ya ule mwanzo wa kinyume.

Ndiyo sababu pia ukingo wa lami huangusha watu. Tairi likishashuka kwenye changarawe, ukijaribu kulirudisha juu kwa kuukwangua ukingo, linakataa kupanda na usukani hauwezi tena kukusimamisha. Simama, inua, panda. Au uukabili ukingo kwa pembe kubwa. Reli nayo ni hivyohivyo: nafasi iliyoachwa kando ya chuma ili gurudumu la treni lipite inalitosha tairi la baiskeli lenye upana wa sentimita nne hivi. Katiza reli ukiwa umenyooka, si kwa ulalo.

Kushoto mwa daladala

Mlango wa abiria wa daladala uko kushoto. Kondakta akigonga bati na gari likasimama, watu hushuka papo hapo, wakiwa na vikapu, bila kutazama nyuma. Nafasi ile nyembamba kati ya daladala na mtaro inavutia kwa sababu iko wazi. Iko wazi kwa sekunde mbili. Lori linalokata kushoto ni baya zaidi, kwani gurudumu la nyuma hupita ndani zaidi ya lile la mbele, na dereva aliyekaa kulia juu kabisa hamwoni mtu aliye ubavuni kushoto. Ukikuta lori la bandarini limesimama kwenye makutano, kaa nyuma yake, au mbele kabisa ambapo dereva anakuona. Ubavuni hapana.

Kuhusu kofia ngumu, tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba hupunguza uwezekano wa kuumia kichwa kwa karibu nusu pale ajali inapotokea, na majeraha makubwa ya kichwa zaidi ya hapo. Mkanda wa kidevuni usipofungwa, hiyo ni kofia ya jua.

Kengele tu, basi

Mkataba uleule wa Vienna unataka baiskeli iwe na kengele inayosikika, na isiwe na kifaa kingine chochote cha kupigia kelele. Wale waliofunga honi ya pikipiki kwenye Phoenix wasome hapo mara mbili.

Nafasi ya bajaji moja

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwazunguka. Mafunzo na makaripio mengi huelekezwa kwao. Barabara huchorwa kwa ajili ya wengine: Dar es Salaam waendesha baiskeli wamelazimika kuunda umoja wao, UWABA, ili angalau wasikike wanapodai njia zao.

Ufaransa dereva anayeipita baiskeli nje ya mji anatakiwa kisheria aache mita 1.5, na ndani ya mji mita moja. Mita moja na nusu ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Bajaji ina upana wa mita 1.3. Kwa hiyo kipimo cha dereva ni rahisi: kati ya ubavu wa lori na mkono wa usukani iweze kupita bajaji nzima. Isipoweza kupita, akae nyuma ya baiskeli mpaka upande wa pili uwe wazi. Kutoka bandarini hadi Mwanga atakuwa amechelewa dakika mbili, pengine tatu kama mwenye baiskeli amebeba mawese na anapanda.